Baba, Nimeifungua Giaboksi

Baba,

Sikuandikii kukusalimia. Salamu zangu ulizipata kule kaburini Wusi siku ile, tukakufunika pamoja nazo. Nakuandikia kwa sababu nimekukasirikia, na mimi mtu nikimkasirikia humwendea nikamwambia, ila wewe umenikosesha pa kukuendea. Ulipokuwa hai, ukishindwa na maneno ulikuwa unaingia chini ya gari. Sasa umeingia chini zaidi.

Habari za nyumbani kwanza, maana ulinifunza adabu kabla ya kunifunza majina ya spana. Mama anaendelea. Anakula, ingawa bado hupakua sahani ya tatu halafu akaitazama kama mtu aliyesahau alichokuja kufanya jikoni. Amerudi kwaya. Mimi niko palepale kwenye kaunta ya duka la spea hapa Voi, mguu wa kushoto nimeunyoosha mbele kama mgeni anayengoja chai. Wateja wako bado wanakuja, wanauliza, "Fundi yuko?" halafu wanakumbuka, wanavua kofia, na kwa aibu wananunua plagi ambazo hawakuzihitaji. Sijawahi kuuza plagi namna hii. Kaka Mwadime bado anavuta lori lake kati ya Mombasa na Malaba, na akipita hapa analala nyumbani, anakoroma kama wewe.

Na Mzungu yuko uani, chini ya mabati.

Barua hii ikiokotwa na mtu asiyetujua atadhani tulifuga binadamu, kwa hivyo wacha nieleze. Mzungu ni lile gari la Kimarekani la milango miwili, boneti ndefu kama meza ya harusi, injini ya silinda nane, lililotoka kiwandani wakati wewe ungali unachunga mbuzi wa babu. Lilikuwa la meneja wa shamba la mkonge upande wa Mwatate, na wewe ulikuwa fundi wake wa malori na matrekta. Aliporudi kwao alikuachia gari vile mtu anavyomwachia jirani mbwa mzee. Jina la mwenyewe likahamia kwa gari. Majirani wakawa wanauliza juu ya ua, "Mzungu ameamka leo?" Na wewe unajibu, "Amefungua jicho moja."

Nilikuwa darasa la sita uliponikalisha juu ya ile boneti mbele ya kila mtu, ukasema, "Hili ni la Mghoi. Mwadime atapata shamba." Hakuna aliyepinga. Wakati huo kuku walikuwa wametagia kiti cha nyuma.

Lakini lilikuja kwetu likitembea lenyewe, unakumbuka? Lilikuwa otomatiki, gia tatu, kijiti chake kando ya usukani. Lilitoka Mwatate hadi Voi bila kulalamika, likidondosha oili kidogo tu njiani. Mvua za vuli zilikuwa hazijaisha likakataa kupanda hata kile kimwinuko cha lango letu. Injini inanguruma, gari limesimama. Ukaishusha giaboksi, ukaifunika magunia kwenye stoo, na kuanzia hapo Voi nzima ikajua msimamo wako. "Otomatiki si gari, ni kitanda chenye magurudumu." "Otomatiki ni ya watu wanaoliogopa gari lao." Na ile uliyoipenda kuliko zote, uliyowaambia hata wateja waliokuja kununua balbu: "Ukiteremka Wundanyi na otomatiki, unateremka na maombi."

Sikatai, ulikuwa na hoja. Nimekaa kwenye kaunta muda wa kutosha kusikia hoja za kila upande, na sikwenda chuo chochote kuzipata. Gia za mkono fundi yeyote wa barabarani anaziweza. Ukiharibikiwa njiani kule Maungu, atatokea mtu na nyundo na waya, na utafika. Kwenye zile kona za kuteremka Wundanyi unaweka gia ya pili, injini inalishika gari, breki zinapumzika. Otomatiki ikifa unalivuta gari hadi Mombasa, na huko wanakuangalia kwanza viatu ndipo wakutajie bei. Kwa mtu anayefufua gari la zamani lenye nguvu kama lile, tena hapa kwetu, gia za mkono ni akili. Ningekuwa mteja ningekuambia uendelee.

Lakini sikuwa mteja. Nilikuwa mwenye gari.

Halafu nikaanguka na bodaboda pale njia panda ya Mwatate, lori likapita juu ya goti langu la kushoto, wakaniwekea vyuma. Ulikuja wodini kila siku na uji kwenye chupa ya chai. Nilipotoka, mguu ulikuwa unanisimamisha lakini haukuwa na nguvu ya kusukuma kitu. Wakati huo Mzungu alikuwa ameshanyunyiziwa rangi, injini inawaka kwa mguso mmoja, na kilichobaki ni kuamua giaboksi. Ulikuwa umepata ya gia za mkono Mombasa, kutoka gari lililobomolewa. Ilikuwa bado sakafuni, imefungwa kwa karatasi. Sakafu ya gari ilikuwa haijakatwa.

Nikakuuliza. Sikukulazimisha, nilikuuliza. "Baba, hatuwezi kuifungua ile ya otomatiki tukaona kilichoiua? Klachi ya injini kama hii sitaiweza kwa mguu huu."

Ukaweka spana chini. Uliponijibu hukuniangalia, ulikuwa unaangalia gari. "Mghoi, nikiweka otomatiki nimekubali kwamba wewe ni kiwete. Mimi sijakubali."

Nililia, Baba. Nililia kwa furaha, mjinga mimi. Nikaenda nikawasimulia watu. Nikamsimulia hata yule daktari wa mazoezi ya viungo. Nilikuwa nikilala na yale maneno. Kila asubuhi nikisukuma tofali la mazoezi kwa kisigino, nilikuwa nasema moyoni kwamba kuna mtu mmoja duniani hajakubali.

Wewe ukachukua grainda ukakata sakafu, ukapitisha mti wa gia, ukaongeza pedali ya tatu, ukafupisha propela shafti. Kazi safi, sisemi uongo. Kisha ukaniweka kwenye usukani. "Kanyaga." Nikakanyaga kwa mguu na kwa mikono juu ya goti. Ikashuka nusu. Goti likanitoka, Mzungu akaruka kama mbuzi, akabusu mwarobaini wa Mama. Ukacheka ukasema, "Utazoea." Sikuzoea. Nikaenda kufanya mtihani wa udereva kwa gari la otomatiki la shule ya udereva, nikapita, nikakuletea leseni. Ukaigeuza nyuma na mbele. "Hii ni leseni nusu."

Nikameza hiyo pia. Kwa sababu hukuwa umekubali.

Sasa nikueleze yaliyotokea baada ya wewe kuondoka, kwa utaratibu, ili usiseme nimekuonea.

Udongo wa kaburi umekaa, na familia imeamua kulijengea na kufanya ibada baada ya mvua. Tuliketi sebuleni. Mwadime akasema jambo zuri, kwamba Mzungu apande Wusi siku hiyo, Mama akiwa kiti cha mbele, watu waone kazi ya mikono yako. Mama akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu tukuzike. Halafu mjomba akauliza, "Ataendesha nani?" na macho yote yakamwendea Mwadime. Hakuna aliyeniangalia hata kwa bahati mbaya. Wakanikabidhi sukari na majani ya chai.

Kesho yake nikamwita Kilonzo. Humjui. Ni kijana wa Kikamba aliyefungua karakana karibu na kituo cha malori, na kazi yake ni giaboksi za otomatiki tu, maana siku hizi nusu ya Voi inaendesha vitanda vyenye magurudumu. Nikamwambia kuna mgonjwa kwenye stoo.

Tukatoa magunia. Kilonzo akainama akaangalia chini ya giaboksi, kwenye lile karai linaloshika oili, akauliza, "Dada Mghoi, nani amepaka nati rangi ya kucha?"

Ni wewe, si nani. Kila nati uliyofunga ulikuwa unaiwekea tone la rangi ya kucha ya Mama, ukikuta limepasuka unajua kuna mtu amegusa kazi yako. Mama alikuwa hamalizi chupa. Matone yote yalikuwepo, mekundu, hata moja halijapasuka. Hakuna mkono uliogusa giaboksi ile baada ya wako. Nikajivuna kidogo, nikamwambia Kilonzo, "Huyo ndiye baba yangu."

Akafungua. Akashusha karai. Na mimi, ambaye huuza oili kutwa, sikuhitaji kuambiwa. Ndani ya otomatiki hukaa oili nyepesi, nyekundu kama juisi. Iliyotoka pale ilikuwa nzito, nyeusi, inavutika kama uji wa ndizi, na harufu yake ni ya yai viza. Oili ya gia za lori, Baba. Ile uliyokuwa unaweka kwenye malori ya mkonge maisha yako yote.

Kilonzo akacheka. "Woi. Aliyetia hii alikuwa anapika nini? Hii kitu ilikufa ikiwa na afya." Halafu akaona uso wangu, akaanza kufuta mikono, kidole kimoja kimoja.

Naelewa ilivyokuwa. Hata sikuhitaji kuwepo. Gari lilidondosha oili njiani, ukapima, ukaona imepungua, ukachukua kopo lililokuwa karibu. Kwako gia ni gia, na oili ya gia ni oili ya gia. Fundi yeyote aliyekulia kwenye malori ya mkonge angefanya hivyo. Ikanata, ikateleza, sahani za ndani zikaungua. Ukaifungua mwenyewe, maana kiwandani hawapaki rangi ya kucha, ukanusa, ukajua. Ukaifunga tena na uchafu wote ndani, ukapaka kila nati rangi ya kucha. Kisha ukatoka nje ukaanza kuhubiri.

Kosa la oili nimelisamehe palepale, kabla Kilonzo hajamaliza kufuta mikono. Kosa la oili lingetuchekesha. Ungeniambia tu, hata ukiwa umelala chini ya gari nisione uso: "Mghoi, niliitia oili ya lori." Ningecheka hadi niumwe na mbavu, ningekutania mpaka Krismasi, na tungeifungua pamoja, mimi nikikuandalia vipande kwenye gazeti.

Lakini wewe uliona binti yako na goti la vyuma upande mmoja, na upande wa pili jina lako la fundi asiyekosea. Ukachagua jina. Kisha ukachukua hofu yako ukaifunika kwa maneno matamu, ukanikabidhi kama zawadi. "Mimi sijakubali." Hukukubali nini, Baba? Mguu wangu, au karai kufunguliwa? Hilo ndilo swali. Nimelizungusha kichwani kila namna. Siku nyingine naona yote mawili yanaweza kukaa ndani ya mtu mmoja, kwamba ulinipenda na ulijificha nyuma ya mapenzi hayohayo. Siku nyingine naona nilikuwa kipande cha gunia tu, cha kufunikia giaboksi.

Na nina haki ya kujua. Yale maneno nimeyaegemea kuliko mkongojo.

Kisha Mwadime akapita na lori lake. Akakuta Kilonzo amelala chini ya Mzungu anashusha giaboksi ya gia za mkono. Hajashuka vizuri kwenye lori ameanza. "Mghoi, unafanya nini? Hii gari ya Baba inabaki vile Baba aliiacha. Unataka kumzika mara ya pili?"

Nikasema, "Gari ni langu."

"Ni yako, sawa. Lakini kazi ni yake. Watu watasema nini? Ati mzee ametoka tu, mtoto anabomoa."

Sikubishana. Nilienda stoo nikaleta lile karai, nikaliweka kwenye ngazi ya lori, karibu na kiatu chake. Mtu anayeishi ndani ya lori hahitaji mwalimu wa harufu ile. Aliinama, akanusa, akagusa kwa kidole. Akaangalia matone ya rangi ya kucha kwenye nati nilizozipanga ukingoni. Nilikuwa nikingoja aseme "Kumbe." Nilikuwa nikingoja aseme pole, hata mara moja.

Akasema, "Funika. Funika kabla mtu hajaona."

Hapo nikakuona wewe, mzima, umesimama mbele yangu na suruali ya Mwadime.

Tukapatana. Yeye hatapinga otomatiki, na mimi sitamwambia mtu kuhusu oili. Kilonzo alishaapa kunyamaza bila kuombwa, ana adabu kuliko sisi wawili. Nilikubali kwa sababu ya Mama. Sokoni bado wanamwita Mama Fundi, wanamwongezea nyanya, na pale mazishini mafundi wenzako walisimama mmoja baada ya mwingine wakisema, "Huyu mzee hakuwahi kuharibu kitu cha mtu." Mama alikuwa anamwitikia kila mmoja kwa kichwa. Sikuweza kumnyang'anya hiyo. Usijidanganye kwamba nilikufanyia wewe.

Ningeishia hapo ningekuwa na hasira ya kawaida, ya kutibika. Lakini Mwadime hakuweza kunyamaza tu, ilibidi apambe. Wiki hii ameingia mteja dukani, mzee wa Taveta anayeleta ndizi, akanishika mkono kwa mikono yake miwili. "Nimesikia mambo ya baba yako. Ati alikuwa ameshapanga kukuwekea otomatiki kwa sababu ya mguu, akafa kabla hajamaliza. Kijana wake ametuambia pale kwa mizani ya malori. Mzee alikupenda wewe." Macho yake yalikuwa na machozi. Nikamuuzia fanibelti, nikamrudishia chenji.

Tangu siku hiyo ni wote. Mchungaji anajua. Kwaya inajua. Umegeuka baba wa mfano kwa jambo ulilolikataa mbele yangu na spana mkononi. Umekufa, na sasa unasifiwa kwa kazi ya wengine. Kilonzo amezibadilisha sahani zote, spea zimetoka mbali zikafika kwa basi, ameichomelea sakafu uliyoikata, na sifa zimepanda Wusi kwako.

Mzungu anatembea, Baba. Jana niliondoka naye mwenyewe, Mama pembeni, hadi njia ya Mwatate na kurudi. Mguu wa kulia peke yake. Wa kushoto ulikaa tu, na kwa mara ya kwanza haukuwa na kosa lolote. Na lile suala la kuteremka na maombi, nikujulishe: kwenye kijiti kuna gia ya chini, unaivuta mwenyewe na injini inalishika gari kama kawaida. Ilikuwepo tangu kiwandani. Ungeiona kama ungeendesha kwa muda mrefu kidogo kabla ya kuiua.

Mama aliutazama mguu wangu wa kulia njia nzima. Tulipofika langoni akasema, "Unaendesha taratibu kuliko baba yako," akashuka. Sijui anajua nini. Sijamuuliza. Nyumba hii imejaa watu wa kufunika.

Basi nisikuchoshe. Siku ya ibada nitapanda Wusi nikiendesha mimi, na kona zote nitazikata mimi. Watanipa kipaza sauti, nawajua, na watangoja nikushukuru kwa kuniwazia giaboksi. Sitakushukuru. Nitakushukuru kwa ule uji wa wodini, kwa sababu huo ulikuwa kweli, niliunywa. Nitasema giaboksi imetengenezwa na Kilonzo na kwamba aliyeamua ni mimi. Mwadime atakohoa. Akohoe. Kunyamaza nilikubali, kudanganya kaburini kwako sikukubali.

Nakuahidi jambo moja zaidi. Watu wakienda kula, nitabaki. Nitaketi kando yako nikuulize lile swali kwa sauti, jina lako nikilitaja, kama nilivyopaswa kukuuliza ukiwa na spana mkononi. Najua hutajibu. Nitakuuliza hivyohivyo, na mwaka unaofuata nitapanda tena nikuulize tena. Hasira ikinitoka siku moja, nitakuja hata siku hiyo, nikuambie imenitoka.

Kaa salama huko juu, Baba. Nakuja, na ninaendesha mwenyewe.

Mwanao,
Mghoi